Frida Bado Yuko Chuoni, na Sare Zimeshashonwa

Mpendwa mshauri Dada Rahabu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba, naomba unisaidie maana moyo wangu hautulii. Mimi ni mama wa hapa Buzebazeba, niliishia darasa la saba, nauza mawese na samaki wa migebuka, lakini binti yangu Frida anasomea uuguzi chuo kikuu huko Mwanza, digrii siyo cheti, na sisemi kwa kujisifu ila mtaa mzima hakuna mwingine, likizo aliyokuja aliwapima wazee presha hadi foleni ikafika barabarani, mimi nikawa nawapangia viti.

Sasa dada, Agnesi wa jirani yangu Marcelina alisoma unesi miaka mitatu akapata kazi, nami nikahesabu hivyohivyo, nikatangaza kwenye kikundi chetu cha akina mama kwamba mwaka huu Frida anavaa joho, wenzangu wakashona sare za kitenge cha njano, kaka yangu Selestini kule Kalinzi akatenga dume la ng'ombe, kumbe mtoto ananiambia bado mwaka mzima wa masomo, na baada ya hapo mwaka mwingine wa kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi, nikaona hapa nafichwa jambo. Marcelina naye hakuniacha, bombani mbele ya watu akasema, "Mwenzangu, wa kwangu alimaliza zamani, huyo wako anasomea kung'oa mamba meno?" Watu wakacheka, nikaingia ndani nikampigia Frida, nikamwambia, "Sema ukweli, umefeli au una mimba?" Akasema, "Mama, nipo wodini, tutaongea." Tangu hapo hapigi simu, ananiandikia tu shikamoo mama, basi.

Feliksi mwenye duka la dawa anasema miaka mitatu inatosha, nimlete aanze kazi kwake, na Selestini yuko tayari tukamchukue. Nikikaanga migebuka natenga kichwa maana yeye ndiye anayekipenda, halafu nakumbuka hayupo, nakila mwenyewe na hakina ladha. Nikamlete, au nimwache?

Mama Frida, Buzebazeba

JIBU

Mama Frida, umenizidi umri, shikamoo ni yangu, pokea. Hongera kwa binti. Pole kwa kicheko cha bombani, kile cha mamba kimenichekesha hata mimi, nisamehe.

Sasa nisikilize. Agnesi alisoma stashahada, nayo ni miaka mitatu. Frida anasoma shahada, nayo ni miaka minne. Akimaliza anakwenda hospitali mwaka mmoja kufanya kazi akiwa chini ya wakubwa zake, kisha anafanya mtihani wa leseni. Ndivyo ilivyo kwa wote wanaosoma anachosoma yeye. Mtoto wako hajafeli, hajaficha kitu, hajachelewa. Aliyekosea hesabu ni wewe, na uliikosea kwa kuangalia nyumba ya jirani badala ya kumuuliza mwenyewe siku ile anaondoka.

Feliksi mwambie asante, inatosha hapo. Ukimtoa Frida sasa utakuwa umemrudisha nyumbani akiwa na miaka mitatu ya masomo na bila ruhusa ya kumhudumia mgonjwa hata mmoja. Hiyo ndiyo aibu utakayoishi nayo, siyo maneno ya Marcelina.

Kikundi waite wewe mwenyewe, uwaambie, "Nilikosea, sherehe ni mwakani." Vitenge haviozi. Dume la Selestini likinenepa mwaka mmoja zaidi nani atalalamika?

Lakini mama, lile swali ulilomuuliza lilikuwa kali. Binti amesimama wodini na miguu inamuuma, anapokea simu ya mama yake, anaulizwa kuhusu mimba. Ungekuwa wewe ungepiga tena? Usimtume mtu akuombee msamaha, wala usingoje likizo. Panda basi uende Mwanza, peke yako, Selestini abaki na ng'ombe wake. Usiende ofisi ya mwalimu yeyote. Mkae naye siku atakayokuwa na nafasi, na usimuulize anamaliza lini.

Barua yako ni ndefu, karibu yote inahusu watu wanasema nini. Mwishoni kabisa umeandika kwamba chakula hakina ladha bila yeye. Mwambie hilo. Sidhani kama amewahi kulisikia.