Nani Alifagia Asubuhi ya Waingereza?

Mpendwa Tantine, shangazi yangu,

Leo nimefagia uwanja peke yangu, na nimeufagia vibaya. Mama amepita akacheka: "Tantine yako angeona hii!" Basi nimeweka ufagio chini, nimeshika kalamu. Tangu lori likupeleke kwa bwana yako huko Nia-Nia ni miezi mitatu, na bado sijakuambia mtihani ulikwenda namna gani. Unaijua aibu yangu. Hata kwenye karatasi inanichelewesha.

Unakumbuka lile shairi? Mwalimu wa Kiingereza alitupa mistari kumi na sita juu ya asubuhi, tuikariri, tuiseme mbele ya darasa na kuieleza. Papa alikwisha kusema kwamba nikianguka hakuna kurudia mwaka, nitakwenda kuuza dukani kwa mjomba kule Nizi. Nami mbele ya watu sauti yangu ilikuwa inapotea kabisa. Kwa hiyo ulinivuta nje kila siku kabla jirani hajapita njiani, maana kwako uwanja usiofagiwa hauonyeshwi mtu.

"Weye sema, miye nitafagia."

Shaa, shaa. Kila mstari mapigo manne. Nikisahau, ulisimamisha ufagio hewani, ukangoja.

Ulitaka nikufasirie kila kitu. Nikakueleza kwamba kwa Waingereza asubuhi ni bibi mwenye nguo nzuri, anashuka vilimani polepole, na umande ni shanga zake. Hata katika michezo yao ya kuigiza, mtu anaacha shida zake zote, anasimama kusifu mapambazuko. Ukanyoosha kidole upande wa mtaa wa Rwambuzi. Jua lilikuwa limekwisha kutoka, na mimi niko mstari wa sita!

"Asubuhi yao iko muvivu," ulisema. "Yetu inaruka kitandani." Kisha ukauliza, "Na nani alifagia?"

"Wapi, Tantine?"

"Mu shairi! Mistari kumi na sita, hakuna hata mutu moja mwenye fagio? Ule bibi na nguo yake nzuri anapita mu uchafu?"

Tulicheka mpaka Papa akatoka na mswaki mdomoni, akidhani kuna nyoka.

Siku ya mtihani nilisimama mbele, nikasahau hata kichwa cha shairi. Wenzangu wakaanza kunong'ona. Niliiona Nizi, niliona duka. Ndipo mkono wangu wa kuume ukaanza wenyewe: shaa, shaa. Mstari wa kwanza ukatoka, wa pili ukaufuata.

"Eh! Anafagia darasa!" mmoja akasema kule nyuma. Wote wakaangua kicheko, lakini, Tantine, sikunyamaza. Nilifagia mpaka mstari wa kumi na sita.

Mwalimu akaniuliza nimeona nini katika asubuhi hiyo. Nikamjibu kwa Kiingereza changu kidogo kwamba ni nzuri sana, ila mtu aliyeamka wa kwanza hayumo ndani.

"Nani huyo?"

"Yule anayefagia, citoyen mwalimu. Kwetu ni shangazi yangu."

Hakucheka. Alirudi kitabuni, mstari kwa mstari, kama mtu anayemtafuta mgeni aliyeambiwa yumo nyumbani. Kisha akaandika kumi na saba juu ya ishirini. Nusu ya pointi hizo ni zako, ingawa hujui neno moja la Kiingereza.

Nilifaulu, nimemaliza shule, na siendi Nizi. Masista wa shule ya msingi wameniomba niwasomeshe watoto wa mwaka wa pili, kuanzia Jumatatu. Watoto arobaini, wote wakinitazama mimi! Naogopa, lakini woga wa safari hii unanifanya nicheke peke yangu jikoni. Nimekwisha kufua blauzi ile uliyoniachia.

Shuleni walitufundisha kwamba jua linafika kwetu Bunia kwanza, ndipo linakwenda kwenu. Basi Jumatatu nitaamka mapema, nifagie vizuri, mapigo manne manne, hadi kwenye pembe unazozijua. Ukiliona jua linatokea juu ya msitu wako, usiulize tena nani alifagia.

Nakukumbatia sana,
mtoto wa kaka yako, yule wa aibu