Kiwimbi Kisichopanda

Jumatatu, 29 Aprili 2024

Mvua tangu alfajiri. Kidaraja cha mbao nyuma ya nyumba, hapa Bondeni, kimezolewa. Mwanakuu, jirani wa ng'ambo ya mtaro, aliniuliza kama maji ya muundini, chini kidogo ya goti, yavukika. Nilimwomba radhi: mimi si mtu wa kuulizwa hilo tena. Akacheka — miaka thelathini kupima mifereji ya mji, leo naogopa mtaro wa mtaani? Akazunguka kwa barabara, na goti lake bovu. Niwie radhi, jirani.

Jumanne, 30 Aprili

Nimemsikia tena Mejumaa, mke wangu, akikung'uta kanga mbichi mlangoni. Nilifungua. Hapana mtu.

Nijieleze, ingawa hakuna anisomaye. Mtiririko ule ule, kwa nguvu ile ile, hupita kwa vina viwili: kirefu na pole, au kifupi na mbio. Kati yao pana kina cha mpaka, ambapo nguvu ni ndogo kuliko zote. Niliyajua hayo kama Baba Yetu. Lakini siku ile Mejumaa alipozolewa, miaka tisa iliyopita, nilitazama ufito wa kupimia tu. Sentimita ishirini na tano.

"Ni haba, Mama Katana. Vuka," nilimwambia mke wangu.

Mbio sikuzitazama.

Alhamisi, 2 Mei

Mwanakuu kaleta vitumbua. Bintiye Ruweida, tunayepakana naye ukuta, yu karibu kujifungua. Mama hana budi kufika. Nikamfunza: chovya bakora majini. Viwimbi vikipanda kinyume cha mkondo, maji ni ya pole. Visipopanda, yamepita mpaka — hayo humzoa mtu. Akasema macho yake siku hizi yaona vitumbua tu.

"Bakora iwe kwako, Mzee Kahindi. Ukiinua mkono, navuka. Usipoinua, nazunguka."

Sikukubali. Wala sikukataa, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 3 Mei. Saa tisa alasiri

Ruweida kashikwa na uchungu. Mwanakuu alisimama ng'ambo, buibui kalikunja. Nilichovya bakora. Hakuna kiwimbi kilichopanda, hata kimoja. Nikaishika bakora kwa mikono yote miwili, chini, nisije nikainua. Alisema kitu; mvua ikakimeza, kisha ikamfunika na yeye. Ilipopungua, ukingo ulikuwa mtupu. Niliufuata mtaro hadi mwisho wake. Sikuona kitu.

Kuzunguka ni dakika ishirini kwa goti lile. Sasa ni arubaini na tano.

Ruweida anauliza kupitia ukutani: mama bado? Nimejibu, samahani mwanangu, yu njiani.

Mlangoni pana mtu anakung'uta nguo mbichi. Nimesimama, kalamu mkononi. Naogopa kufungua, nisije nikakuta tena hapana mtu —