Msizike Mgomba

Kabazi, Alhamisi

Mama mpendwa,

Pokea salamu za mwanao. Goti lako linaendeleaje na hii mvua? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inaumwa. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako husikilizwa na boma zima, na juzi nilipojaribu kukuambia haya, nilishindwa.

Unakumbuka nilivyojigamba kwamba gereza letu sasa hubandika langoni, kila Ijumaa, idadi ya wafungwa na mahabusu ili wananchi wasome? Kazi hiyo ni yangu. Wanaume huchuchumaa watano watano, nawahesabu, naandika ubaoni. Lakini tuna idadi tusiyotakiwa kuipita, na gereza limefurika. Basi kila Ijumaa asubuhi mkubwa wa gereza husema, "Punguza!" Mahabusu wanapakiwa kwenye lori, wanaenda kuchimba viazi hadi jioni, nami nahesabu waliobaki. Usiku wanarudi kulala ubavu kwa ubavu kama kuni. Ni uongo mtupu, Mama, na mwandiko ni wangu.

Ijumaa moja, miezi mitatu iliyopita, jirani yako, Mama Shikuku, alifika langoni na blanketi la mwanawe. Aliponiona alifurahi sana.

"Wekesa! Kumbe ni wewe! Niitie Shikuku."

Shikuku alikuwa kwenye lori. Mkubwa alikuwa nyuma yangu.

"Hayuko hapa, Mama."

"Hayuko aje? Korti ilisema ako hapa."

"Angalia ubao. Hao ndio wote tuko nao."

Angekuwa askari mwingine angebishana naye. Kwa kuwa ni mimi, mtoto aliyemlisha mwenyewe, aliamini. Akidhani mwanawe amekufa, akazunguka mochari zote hadi akachoka. Shikuku naye huniuliza kila wiki kama mamake amefika, "Buda, mathe hajakam?" Namjibu bado. Naogopa kufutwa kazi, nami najichukia.

Juzi uliposema wamekata mgomba wauzike Jumamosi mahali pa mwili wa Shikuku, nilisingizia mtandao nikakata simu. Mtu akishazikwa hivyo, unajua nyumbani hapokelewi tena hata akirudi akiwa hai.

Barua hii inakuja na basi la leo. Msalimie kaka yangu wa bodaboda, na shangazi wa kwaya. Kisha vaa viatu uende kwa Mama Shikuku sasa hivi. Mwambie mwanawe yu hai, nilimhesabu leo asubuhi. Akiuliza nani alimdanganya, usinifiche.

Mwanao,
Wekesa