Mnara wa Nyashimo Siku ya Mnada

Nyashimo, Busega

Mayu, mama yangu Nyanjige,

Mwangaluka, hata kama barua hii itakufikia jioni. Goti linaendeleaje? Pamba imeota huko Bariadi, au mvua bado inawachezea? Mimi ni mzima, ila kazi hii ya minara ya simu imenijaza maswali kichwani.

Siku za mnada hapa kulikuwa na ajabu. Simu zinaonyesha mtandao umejaa, lakini ukipiga, kimya. Violeth, muuguzi wa zahanati ya Kalemela, alinijia kwa hasira. Alisema alikuwa na mjamzito anayetokwa damu, akapiga simu kuita gari la wagonjwa mpaka betri ikaisha. Wakampeleka hospitali kwa bodaboda, ameshikiliwa nyuma asianguke. Kwa kudra za Mungu, yeye na mtoto walipona.

Maneno yale yaliniondolea usingizi. Mkuu wangu, Januarius, alidhani mnara hauna nguvu ya kutosha. Tukaongeza. Mnada uliofuata hali ikawa mbaya zaidi! Hapo ndipo udadisi uliponishika. Nikazunguka na kipimo mkononi kati ya ng'ombe na wauza dagaa, watu wakidhani nadai ushuru. Nikaona kwamba mawimbi ya simu ya huyu yanafunika ya simu ya yule. Ni kama pale msibani: kila mmoja akipaza sauti, mtoa matangazo hasikiki, na akipaza yeye, wote wanazidi kupaza.

Nikamwambia Januarius tupunguze nguvu, kisha antena zielekeze mawimbi kule mtu aliko badala ya kuyamwaga kila upande. Alicheka, halafu akavuta kiti akaketi nami. Tulikosea sana. Siku moja Kalemela nzima ilikosa mtandao, tukatukanwa mpaka na mchungaji. Tukarudia, wa karibu tukiwapa kidogo, wa mbali tukiwaongezea.

Mnada wa juzi, uwanja umefurika, Violeth alinipigia kutoka zahanati. Akauliza tu, “Unanisikia?” Nilimsikia yeye na kuku wa nje ya dirisha lake. Niliruka kwa furaha, Januarius akaanza kuimba.

Kisha nikamwuliza Violeth, yule mama wa bodaboda anaendeleaje? Akanitajia jina.

Mayu, kaa chini kwanza. Ni Kwandu wetu. Tangu baba alipomfukuza, amekuwa akiishi Kalemela, analima mpunga kwenye shamba la watu. Nimekwenda kumwona. Mtoto ni wa kiume, ana mashavu yaliyojaa na hataki kubebwa na mgeni. Sikukupigia simu kwa sababu simu ya nyumbani anaishika baba, na Kwandu anataka wewe ujue kwanza.

Aliniuliza jambo moja tu: je, mama bado ananitaja? Nikamwambia nitakuuliza.

Nisalimie Dastan na shangazi Monika. Baba naye msalimie. Mengine utayapima mwenyewe. Anna aliyekuletea barua hii atalala hapo nyumbani. Nimemwomba asiondoke bila neno lako.

Mwanao akupendaye,
Apolonia