Figo Ulilonipa, Mama

Shikamoo, Mama. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza bila kukuamkia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili mafigo yangu yalipokufa. Wewe, ambaye ulikuwa hujawahi kuvuka Masasi, ukapanda ndege nami kwenda India. Wodini ulijifunga khanga mbili juu ya gauni la hospitali, ukawasemesha wauguzi Chimakonde, nao wakakujibu kwa lugha yao, na maji ya moto tukayapata. Asubuhi ya upasuaji nilikuuliza kama unaogopa.

"Nilishakubeba mzima," ulisema. "Hiki ni kipande tu."

Tuliporudi kijijini Mkunya, ugonjwa ukiwa umenikosesha shule kwa miaka, nilikaa darasa moja na watoto niliowaacha chekechea. Kimo changu kikaishia pale pale. Leo nina miaka thelathini na moja, nashona hapa Newala mjini, na bado mteja huchungulia mlangoni akasema, "Mtoto, niitie fundi." Namwambia fundi ni mimi. Wengine hucheka. Wengine huondoka na kitambaa chao.

Yule mwalimu wa Chiungutwa aliyetaka kunioa, bila shaka unamkumbuka. Nilimweleza mwenyewe habari za kovu na dawa, akasema si kitu. Siku walipokuja kuposa, shangazi yake akakuuliza mbele yangu, "Huyu atazaa?"

"Hilo kamuulizeni Mungu," ulimjibu.

Hawakurudi. Ulilia jikoni ukidhani sikusikii. Nilikusikia, Mama.

Kisha kiharusi kikakuchukua. Jeneza halijafungwa, dada Anna akanigeukia mbele ya watu: "Mama angekuwa na mafigo yake mawili, angekuwa hai." Sikubisha. Nilikuwa nimeshajiambia hivyo kabla yake. Miaka minne hatukusemezana, yeye kwa mumewe Masasi, mimi hapa.

Miezi mitatu iliyopita daktari aliniambia figo lako limechoka. Sijui nani alimpelekea Anna habari. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu, vumbi hadi kwenye kope, akasimama mlangoni bila salamu.

"Wanipime mimi," alisema.

Tukaenda Dar. Majibu yalipotoka, daktari akasema hawezi kutoa figo: ana presha kubwa, ya muda mrefu, na huenda ni ya ukoo. Anna alikaa kwenye benchi la ukumbini, akafunika uso kwa mtandio.

"Mimi ninayo mawili, mdogo wangu, na presha ninayo," alisema. "Kumbe Mama naye alikuwa na presha yake tu, ndiyo iliyomletea kiharusi. Nilikusingizia."

Nikamshika mkono.

Jumatatu naanza kusafishwa damu Mtwara. Anna atanisindikiza, ameshamuaga mumewe. Hata hivyo naogopa. Safari hii hakuna kitanda cha pili ambacho nikigeuka nitakuona wewe umelala, unanitazama.

Nisamehe kwa figo lako, Mama. Nililitunza. Dawa sikuruka hata siku tuliyokuzika. Saa yake ilipofika nilikwenda nyuma ya nyumba nikazimeza, huku mbele watu wakiimba, wakiniita nije kutupa udongo.

Pumzika huko Mkunya. Mimi naenda.

Kitindamimba wako,
Neema