Kompyuta Iliyokataa Kuwaka

Jumatatu, 8 Septemba

Umeme umekuja saa moja jioni. Nimekata na kuunga kwenye kompyuta picha za harusi ya watu wa Kiriri mpaka pale maharusi wanapoingia ukumbini. Filamu inatakiwa Jumapili, ukoo mzima wa bibi harusi utakuwa umekusanyika kuitazama. Kompyuta inajikokota. Nimemlalamikia Idi, mume wangu. Kasema kila kitu kina dawa yake. Nimeenda kuoga nikiwa na hasira. Saa nne umeme ukaondoka.

Jumanne, 9 Septemba

Haiwaki. Feni inazunguka, kioo cheusi, inajizima, inajiwasha tena yenyewe. Mara moja imefika kwenye nembo, nikashangilia, ikaanguka. Picha zote za harusi zimo humo ndani. Idi yuko kwenye kiti anatazama simu. Kasema ni umeme. Mtaa wetu mzima wa Mutakura, kikiharibika kitu, ni umeme.

Jumatano, 10 Septemba

Fundi kaja kutoka mjini. Kapuliza vumbi, kachomoa hiki, karudisha kile, kapiga miayo. Hukumu yake: "Courant ya umeme inaruka sana huku, mama. Kuko mutu anachomelea vyuma hapa karibu?"

Yuko. Sylvestre, jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Anachomelea mageti, na kila akianza kazi taa yetu inacheza. Nimetoka kama nilivyo, kitenge kimelegea, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ananikatia riziki. Nimesema na mengine, siyaandiki. Alivua miwani ya kazi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, Mama Shemsa. Mi sikujua."

Idi alikuwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza, akarudi kwenye kiti chake.

Alhamisi, 11 Septemba

Umeme ulikuja mapema. Mashine ya Sylvestre haikulia. Geti la mteja limelala uani kwake, nusu nusu. Nimefurahi, kwa nini nidanganye. Kompyuta bado. Nimeiwasha na kuizima mpaka kidole kimechoka.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo, baada ya kugoma weee, imetoa maandishi: kasi ya prosesa iliyoongezwa imeshindikana, ingia urekebishe.

Iliyoongezwa na nani?

Nimeingia kwenye ukurasa wa mipangilio. Tarakimu za kasi zimepandishwa, na umeme unaoingia kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, umepandishwa pia. Mimi ukurasa ule sijawahi kuugusa.

Idi amekiri kabla sijamaliza kuuliza. Aliona video kwenye simu, jinsi ya kuongeza kasi ya kompyuta. Jumatatu, nilipokuwa naoga, akajaribu. Alitaka filamu ikamilike kabla umeme haujaondoka. Nia nzuri, anasema. Na Jumatano, nilipokuwa namtukana Sylvestre, nia ilikuwa gani?

"Usimuambie Sylvestre. Nitaonekana aje?"

Ataonekana alivyo. Nimerudisha tarakimu zote zilipokuwa, nikawasha. Imeamka bila shida. Picha zote zipo. Nilidhani nitafurahi. Nimempa Idi mpaka kesho aende mwenyewe kukiri kwa Sylvestre.

Jumamosi, 13 Septemba

Kaenda. Nimewasikia kupitia ukutani. Wameongea mpira. Halafu Idi, kwa sauti yake ya upole, kamwambia kompyuta imepona. Tangu ulipoacha kuchomelea, kasema. Asante sana, ndugu yangu.

Nimemaliza filamu. Leo namchukia mtu huyu. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 14 Septemba

Filamu imefika Kiriri. Wamenisifu sana. Nimeshuka moja kwa moja mpaka kwa Sylvestre. Nilikuwa nimejiandaa kusema mbele ya wateja, kama nilivyomtukana mbele yao. Hapakuwa na mteja. Nimesema mbele ya mkewe: si mashine yako, ni mume wangu, naye alijua tangu mwanzo.

Sylvestre kanipa kiti.

"Imeisha, Mama Shemsa."

Jana jioni, baada ya Idi kumshukuru, aliihamishia mashine Kajaga, nje ya mji, kwa shemeji yake, asitusumbue tena. Wanajenga sana huko. Wameshampa kazi ya milango ya nyumba nzima, atakuwa analala huko huko. Mkewe alinieleza haya akikunja nguo za kazi za mumewe. Hakunitazama.

Umeme umekuja saa moja. Idi kasema leo umeme mzuri. Nimekaa chini ya taa mpaka saa nne. Haijacheza hata mara moja.