Kondoo Uliyempeleka Kortini

Mpendwa Baba,

Sikuwahi kukushukuru kwa sauti. Mke wa mwana hapigi domo mbele ya baba mkwe, na wewe mwenyewe ulikuwa hupendi kusifiwa. Sasa umelala, hutanikatiza.

Unakumbuka Mwangi wako, mume wangu, alipokamatwa akiwa na lori pale Naro Moru, magunia ya bangi yakiwa chini ya kabichi? Aliposomewa mashtaka alikubali kosa papo hapo. Sheria ya dawa za kulevya ilikuwa mpya, na kila mtu sokoni alikuwa amegeuka wakili: atafungwa maisha, walisema. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nilichotaka kujua ni kama wangemjua baba yao.

Siku ya hukumu ulitoka nyumbani na kondoo dume, yule mnono uliyemlisha majani ya viazi vitamu. Nilidhani unampeleka sokoni. Kumbe! Tulipofika Nyeri ukamfunga kwenye ua wa korti, ukapangusa viatu, ukaingia. Kwa wazee wa ukoo, aliyekosa hukubali, watu wake huleta kondoo, analiwa na maneno yanaisha. Nawe uliona korti ni baraza lile lile, ila lina madirisha makubwa.

Hakimu alipomuuliza Mwangi kama ana la kusema kabla ya hukumu, aliinamisha kichwa tu. Ukasimama wewe, huko nyuma kwenye mabenchi.

"Mheshimiwa, kondoo iko hapo nje."

Askari akakushika mkono. "Mzee, unataka kuhonga hakimu mbele ya watu?"

Niliona nitarudi nyumbani Tetu nimewaacha wawili ndani, Baba.

Hakimu akamwambia akuachilie. "Ya nini hiyo kondoo, Mzee?"

"Ni ya kusema tumekosa. Hiyo bangi ilikuwa inaenda kwa watoto ya watu. Mimi pia niko na wajukuu. Sikukuja kubishana."

Hakimu akakueleza kwa upole kwamba korti haipokei kondoo, umrudishe nyumbani. Kisha akaandika, akaandika. Alipotoa hukumu alisema angeweza kumfunga maisha, maana anayesambaza haumizi mtu mmoja, na wengine wenye malori lazima waogope. Lakini lilikuwa kosa lake la kwanza, amekiri bila kusumbua mtu, na kwao kuna anayeita ubaya ubaya. Miaka sita.

Nikaangua kilio. Ukaninong'oneza, "Nyamaza, mama. Sita iko na mwisho."

Gerezani ulikuwa ukimuuliza kwanza kama anafanya kazi, ndipo unamsalimia. Nilikuonea hasira kwa hilo, lakini yeye alikaza mgongo kila alipokuona. Na mashemeji walipoanza kuniangalia vibaya kwa sababu ya shamba, ulinikatia sehemu yangu ya kahawa mbele yao, ukasema mke wa aliyefungwa hajafungwa. Nilikula kwa kahawa ile, nikasomesha. Sikurudi kwetu na mizigo kichwani kama walivyotarajia.

Mwangi alipunguziwa kwa tabia njema, akatoka ukiwa bado na nguvu za kumnyoa mwenyewe pale uani. Yule aliyekuwa tumboni siku zile alimtazama kama mgeni, ukamwambia, "Ni huyu."

Wapo wanaosema hakimu alikuwa mpole mno. Mimi sijui sheria. Lakini Mwangi hajagusa tena mzigo wa haramu, na jirani akimpa gunia abebe, analifungua kwanza barabarani bila haya. Nacheka, halafu nakukumbuka.

Jumamosi tulikuzika. Nilikuwa nimesikia kwamba mfungwa akiruhusiwa kuzika mzazi huletwa akiwa na pingu, askari wakimngoja kando; angefungwa maisha, hivyo ndivyo angekuja. Mwangi alishuka kaburini mwenyewe kupokea jeneza lako. Nilimtazama mikono tu, Baba. Ilikuwa mitupu, na hakuna aliyekuwa akimngoja ila sisi.

Pumzika, Baba. Asante.

Mimi mke wa mwanao, mama wa wajukuu zako